Matone ya macho yenye antibayotiki na steroidi: soma kabla hujadondosha

Lebo ya kichupa ikitaja dexamethasone (steroidi) pamoja na neomycin, gentamicin au tobramycin (antibayotiki), umeshika dawa mbili ndani ya chupa moja. Antibayotiki inaua bakteria, steroidi inatuliza uvimbe na wekundu. Hapo kwenye wekundu ndipo watu wananaswa: jicho linatakata na maumivu yanapoa, kumbe ugonjwa bado unalila.

Chukua msimu wa kupulizia mikorosho. Salfa ya unga ikiingia jichoni, cha kwanza ni maji safi mengi, dakika 15 hadi 20 mfululizo huku kope zimeachanishwa, kisha kituo cha afya. Aliyechomwa na tawi au bua la ufuta yuko pabaya zaidi, kwa sababu fangasi wa kwenye mimea huingia kwenye kioo cha jicho (ngozi angavu ya mbele ya jicho), na steroidi huwaachia uwanja. Kidonda cha virusi vya hepesi nacho hupanuka vivyo hivyo. Macho mekundu ya kuambukizana, kama yale yaliyosambaa Tanzania Januari 2024, mara nyingi ni ya virusi, na antibayotiki haiwagusi. Kwa hiyo usiombe dawa hii dukani kwa kuonesha jicho tu, wala usitumie iliyobaki kwa jirani. Nenda kitengo cha macho, hospitali ya Ligula kwa walio Mtwara au ya Sokoine kwa walio Lindi, jicho likaguliwe kwa taa.

Ukishaandikiwa, nawa mikono kwa sabuni. Futa tongotongo kwa kitambaa safi chenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Tikisa chupa vizuri, kwani nyingi za aina hii dawa yake hutuama chini; usipotikisa, siku za mwanzo unadondosha maji tu. Inamisha kichwa nyuma (mtoto alale chali), vuta kope la chini lifanye kijimfuko, angalia juu, dondosha tone moja. Mdomo wa chupa usiguse kope wala kidole. Tone la pili halina faida, litamwagikia shavuni. Fumba jicho taratibu bila kulibana na ubonyeze kona ya ndani, upande wa pua, kwa dakika 1 hadi 2. Ukisikia uchungu kooni, ujue dawa imepita puani, huenda hukubonyeza vizuri. Kama una matone mengine, subiri dakika 5. Mafuta ya macho yaje mwisho.

Fuata idadi ya siku ulizoandikiwa. Steroidi ikizidi siku 10, presha ya jicho ipimwe, maana hupanda kimyakimya bila maumivu na kuua mshipa wa kuonea. Ikitumika miezi huleta mtoto wa jicho. Ila kama umeitumia muda mrefu usiikate ghafla. Daktari atapunguza matone kidogo kidogo, la sivyo uvimbe hurudi. Kope zikianza kuwasha na kuvimba baada ya siku chache, huenda neomycin imekukataa: acha, urudi ulikoandikiwa. Ukiona ukungu, maumivu yakizidi, au doa jeupe likitokea kwenye kioo cha jicho, nenda siku hiyohiyo.

Andika tarehe ya kufungua juu ya lebo. Nyingi hutupwa baada ya siku 28. Soma nyuzi za joto zilizoandikwa hapo. Joto la chini ya bati mchana hulizidi hilo, basi weka kichupa kwenye kikombe kikavu karibu na mtungi wa maji, mbali na watoto.