Laptopu ya ofisi iliyotumika: kagua skrini kwanza, kisha diski

Laptopu nyingi za "ex-UK" (zilizotumika Uingereza) zinazouzwa Luthuli, Moi Avenue na Kimathi jijini Nairobi zilikuwa mali ya kampuni: ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Ni mashine zilizoundwa kubebwa kila siku na kufunguliwa na fundi bila kuvunjika, ndiyo maana moja ya mwaka 2018 bado inafaa kazi kuliko mpya ya bei rahisi ya supamaketi. Ila kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi: jina moja la modeli hubeba mashine tofauti kabisa. ThinkPad T480 ilitoka kiwandani na skrini za aina tatu, kutoka pikseli 1366 kwa 768 zenye rangi zilizofifia, hadi 1920 kwa 1080, na hata 2560 kwa 1440. Kwenye karatasi iliyobandikwa kioo cha duka, zote tatu zinaandikwa "T480, i5, 8/256", yaani prosesa ya i5, memori ya GB 8 na diski ya GB 256. Kwa hiyo usilipie modeli. Lipia ile mashine moja iliyo mezani, baada ya kuikagua.

Tunaanza na skrini kwa sababu ndiyo sehemu ngumu kurekebisha baadaye. Memori na diski hubadilishwa kwa bisibisi kwa dakika chache. Skrini ni gharama kubwa, na wakati mwingine kebo ya ndani haikubali: skrini nyingi za kawaida hutumia kebo ya pini 30, ilhali za mguso na zile za pikseli nyingi mara nyingi hutaka pini 40.

Nenda mchana, ukiwa na flashi ya GB 32. Iumbize kwa mfumo wa exFAT, maana FAT32 hukataa faili moja linalozidi GB 4. Ndani yake weka programu za CrystalDiskInfo (husoma hali ya diski) na HWiNFO (hutaja vifaa vya ndani), zile za kufunguliwa bila kusakinishwa, picha tano za rangi tupu (nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu), na video au faili lolote la GB 10.

Skrini

Bofya kulia kwenye skrini tupu, fungua mipangilio ya onyesho, usome idadi ya pikseli. Usikubali chini ya 1920 kwa 1080. Tofauti na 1366 kwa 768 ni karibu maradufu ya pikseli, na utaiona siku ya kwanza ukifungua jedwali la Excel: safu nyingi zaidi zinaonekana bila kusogeza.

Halafu inamisha skrini nyuma, uitazame kutoka chini na kutoka pembeni. Ikiwa nyeusi inageuka kijivu na nyuso za watu kwenye picha zinabadilika rangi kama negativu, hiyo ni skrini ya aina ya TN. Iache. Unayoitaka ni IPS, ambayo rangi zake hubaki zilezile pande zote. Kwenye EliteBook kuna kisa kingine: baadhi zina Sure View, kinga ya kuzuia jirani asisome. Ukiiona skrini inafifia ghafla unapotazama kutoka pembeni, bonyeza F2 yenye alama ya kinga hiyo kabla ya kuihukumu. Hata ikizimwa, nyingi za aina hiyo hubaki na weusi uliofifia kidogo, kwa hiyo anayefanya kazi ya picha atafute nyingine.

Ung'avu hupimwa kwa niti. Skrini za kawaida za laptopu hizi ni niti 220 hadi 250, zinazotosha ndani ya nyumba. Ukifanya kazi karibu na dirisha lenye jua au kwenye baraza, tafuta 300 au 400. Hutakuwa na kipimo mkononi, basi fanya hivi: pandisha ung'avu hadi mwisho, weka picha nyeupe, uisogeze mashine hadi mlangoni pa duka. Skrini iliyozeeka itaonekana ya manjano na hafifu, kwa kuwa taa zake za nyuma hupungua nguvu kwa miaka. Weka nyingine ya modeli hiyohiyo kando yake. Jicho hutambua tofauti haraka likiwa na cha kulinganisha.

Sasa picha za rangi tupu, moja baada ya nyingine. Kwenye nyeupe tafuta madoa meupe ya mviringo. Hayo hutokana na kubanwa, laptopu zikiwa zimepangwa juu ya nyingine au zimebebwa kwenye mkoba uliojaa, na huongezeka taratibu. Kwenye nyeusi, chumba kikiwa na giza kidogo, tafuta mwanga unaovuja pembeni. Nyekundu, kijani na buluu huonyesha pikseli zilizokufa. Pikseli moja pembeni si neno, lakini mstari wima, hata mwembamba kama uzi, ni sababu ya kuondoka. Mwisho fungua na ufunge kifuniko pole pole mara kumi huku ukitazama picha. Ikimetameta kwenye pembe fulani, kebo inayopita kwenye bawaba inakatika.

Ukitaka kujua kama skrini ni ya asili, chukua namba ya mfululizo (serial number) iliyo chini ya mashine, uilinganishe na ile iliyo kwenye BIOS (mipangilio ya ndani inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka), kisha uiingize kwenye tovuti ya msaada ya Lenovo au Dell. Utaonyeshwa jinsi mashine hiyo ilivyotoka kiwandani, na mara nyingi aina ya skrini imo. Namba mbili zisizofanana zinamaanisha ubao mkuu au ganda la chini limebadilishwa.

Diski

Usistuke ukiona GB 238 mahali palipoandikwa 256, au 476 mahali pa 512. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1024. Hakuna kilichoibwa. GB 256 inamtosha mtu wa nyaraka na barua pepe. Mwenye picha, video au vitabu vya hesabu vya miaka kadhaa achukue 512.

Cha muhimu zaidi ni aina ya SSD, yaani diski isiyozunguka: NVMe au SATA. NVMe ya kizazi cha mashine hizi inaweza kusoma hadi MB 3,500 kwa sekunde, ilhali SATA haivuki 550 hivi. Zote mbili zinaweza kuwa na umbo lilelile la M.2 (kijibao chembamba), hivyo umbo halikuambii kitu. CrystalDiskInfo hutaja aina yake. Mashine ikiwa wazi, tazama meno: yenye pengo mbili kwa kawaida ni SATA, yenye pengo moja ni NVMe. SATA si mbaya, ila usiilipie bei ya NVMe. Diski ya kuzunguka, HDD, tusiizungumzie kama diski kuu mwaka huu.

Kwenye programu hiyohiyo soma asilimia ya afya, saa ilizowaka na jumla ya data iliyoandikwa. SSD nzuri ya GB 250 hupewa dhamana ya kuandikwa TB 150 hivi, kwa hiyo TB 20 au 30 baada ya miaka mitano ni matumizi ya kawaida ya ofisi. Zaidi ya asilimia 85 chukua bila wasiwasi. Ikisoma 100 na saa 12 tu kwenye laptopu ya 2018, diski imebadilishwa, na ndipo jina la mtengenezaji linahitaji kuulizwa. Samsung, SK hynix, Toshiba (sasa Kioxia), Micron na WD ni baadhi ya zile zinazotoka kiwandani. Zile zisizo na jina linalojulikana mara nyingi huanza kwa kasi, kisha huishiwa pumzi.

Zipime hivi: nakili lile faili la GB 10 kutoka kwenye flashi hadi kwenye diski, kisha litengenezee nakala ya pili ndani ya diski hiyohiyo. Nakala ya pili ndiyo kipimo, kwa kuwa ya kwanza inacheleweshwa na flashi. Kasi ikianguka chini ya MB 50 kwa sekunde na kubaki huko, sehemu ndogo ya haraka ya diski imejaa na iliyobaki ni duni.

Mengine, kwa haraka

Prosesa: tarakimu baada ya kistari hutaja kizazi. i5-8350U ni kizazi cha 8, ina viini (core) vinne. i7-7600U ni cha 7 na ina viini viwili tu, kwa hiyo usivutwe na ile "i7". Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel hutaka kizazi cha 8 kwenda juu.

Betri: fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, usome uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Chini ya asilimia 60, punguza bei kwa thamani ya betri mpya. T480 ina betri mbili, soma zote. Chaja ya Uingereza ina plagi yetu ya pini tatu, hivyo aliyekuletea chaja yenye adapta ya plagi huenda ameibadilisha.

Leseni: andika slmgr /xpr. Ikitaja tarehe ya kuisha, kwa kawaida ndani ya siku 180, Windows hiyo haikuwashwa kwa leseni ya kudumu.

Kufuli: zima, washa, ingia BIOS (F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP). Ikidai neno la siri, rudisha mashine. Kwenye ThinkPad neno hilo limo kwenye chipu ya ubao mkuu, na kutoa betri hakulifuti. Kufuli ya pili ni fiche zaidi: mashine ambayo bado imesajiliwa na kampuni yake ya zamani hufanya kazi vizuri hadi utakaposakinisha Windows upya na kuunganisha intaneti, ndipo inapotokea salamu ya kampuni ikidai barua pepe ya kazini. Fundi wa mtaani anaweza kuikwepa kwa muda. Anayeweza kuiondoa ni kampuni yenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma M-Pesa, hakikisha risiti imeandikwa namba ya mfululizo, aina ya skrini, ukubwa wa diski, na siku za kurudisha endapo kufuli hiyo itajitokeza. Ukifika nyumbani sakinisha Windows upya usiku huohuo, ukiwa na intaneti, siku za kurudisha zikiwa bado hazijaisha.