Gari linatetema ukikanyaga breki: safisha habu na upime kabla ya kununua diski

Ukilalamika kwamba gari linatetema ukikanyaga breki, jibu la haraka gereji huwa "diski zimepinda", yaani vile vyuma vya duara vinavyobanwa na breki. Mara nyingi chuma hakijapinda. Diski haikukaa sawa juu ya habu (kitovu kinachoshika diski na tairi) kwa sababu ya kutu, au nati zilikazwa ovyo, kwa hiyo inazunguka ikiyumba kidogo mno kwa jicho kuona. Kila mzunguko sehemu ileile inakwaruza pedi zinazoibana diski hata kama hujakanyaga breki. Baada ya kilomita elfu kadhaa sehemu hiyo imelika kuliko nyingine, na hapo mtetemo unaanza. Funga diski mpya juu ya kutu ileile, na tatizo litarudi.

Vipimo vya hapa ni vya Toyota ndogo zenye nati za M12, kama Vitz, IST na Corolla. Kwa gari jingine fuata kitabu chake.

Hatua ya 1: Jaribu barabarani

Kwenye barabara iliyonyooka, endesha kwa 80 hadi 100 km/h bila kugusa breki. Likitetema hapo, anza na balansi ya matairi. Likitulia, kanyaga breki kwa wastani hadi 40. Usukani ukitikisika, shida iko mbele. Usukani ukitulia huku kiti na sakafu vikitetema, angalia nyuma.

Kuhakikisha nyuma: kwa 40 km/h, barabara ikiwa kavu na hakuna gari nyuma yako, vuta hendibreki polepole huku umebonyeza kitufe chake ili uweze kuiachia papo hapo. Likitetema, fungua drami, yaani breki ya ngoma ya nyuma. Ila kuna magari yenye diski nyuma ambayo hendibreki yake hutumia breki shuu ndogo zilizo ndani ya diski. Kwa hayo jaribio hili halikuambii lolote kuhusu diski.

Pedali kudundadunda kwa kasi unapokanyaga kwa nguvu kwenye changarawe au utelezi ni ABS, mfumo unaozuia matairi kujifunga, inafanya kazi yake. Usiiguse.

Hatua ya 2: Inua na utikise

Legeza nati tairi likiwa chini, zuia matairi mengine, inua kwa jeki, kisha weka stendi. Shika tairi juu na chini ulitikise: likicheza, kagua beringi na boljointi. Shika kushoto na kulia: likicheza, kagua pia tairodi. Angalia bushi za mikono ya chini. Bushi iliyopasuka hukuza mtetemo mdogo ukawa mkubwa.

Hatua ya 3: Fungua kalipa na diski

Tundika kalipa, kibanio cha pedi, kwa waya kwenye springi, isining'inie kwenye mpira wa breki. Linganisha pedi mbili za tairi moja. Moja ikiwa imelika zaidi ya mwenzake, pini ya kalipa imeganda au pistoni hairudi. Pini isafishe na uipake grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha raba, na pini inaganda upya.

Chora alama kwenye diski na stadi moja (bolti ya habu inayoshika nati) ili ujue ilivyokaa. Diski ikigoma kutoka, usiipige nyundo. Ina matundu mawili yenye uzi; ingiza bolti mbili za M8 uzi wa 1.25, kaza kwa zamu, nayo itajisukuma yenyewe.

Hatua ya 4: Safisha habu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mbaya zaidi ni magari ya pwani, Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako hewa ya chumvi hulisha kutu. Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya, halafu msasa, hasa kuzunguka shina la kila stadi na ukingo wa katikati. Fanya vivyo hivyo nyuma ya diski. Chembe ndogo ya kutu karibu na katikati huzaa myumbo mkubwa zaidi ukingoni.

Hatua ya 5: Pima

Kwa maikromita, pima unene sehemu 8 kuzunguka diski, mm 10 kutoka ukingoni. Tofauti ikizidi mm 0.02 hivi, diski inahitaji kukerezwa. Kipimo cha chini kimechongwa kwenye diski yenyewe, "MIN TH". Kama ukiikereza itashuka chini ya hapo, badilisha zote mbili, kushoto na kulia.

Kisha rudisha diski, ibane kwa nati zote, na weka geji ya saa (dial gauge, ya kupima myumbo) mm 10 kutoka ukingoni. Myumbo usizidi mm 0.05. Ukizidi, usikimbilie dukani: toa diski, izungushe tundu moja, pima tena, jaribu kila nafasi. Mara nyingi iko moja inayokubali. Zikikataa zote, pima uso wa habu bila diski. Huenda habu au beringi ndiyo mbovu.

Kwa drami, pima kipenyo cha ndani sehemu kadhaa. Nyingi za Toyota ndogo ni mm 200, mwisho 201.

Hatua ya 6: Kaza nati

Nguvu ya kukaza ni 103 Nm, kwa mtindo wa nyota, raundi mbili au tatu. Kwa spana yenye mkono wa sm 40, hiyo ni kama kilo 26 mwishoni mwa mkono. Mtu wa kilo 70 akiikanyaga anafika 275 Nm, naye ndiye aliyekuletea mtetemo.

Hatua ya 7: Zoesha pedi

Kabla ya kuondoka, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Kisha punguza mwendo kutoka 60 hadi 15 km/h mara 8 hadi 10, ukiachia nusu dakika kila mara, bila kusimama kabisa. Ukisimama na pedi za moto, zinaacha alama kwenye diski. Endesha dakika 10 zipoe, na usizimwagie maji. Safari ya kushuka mteremko mkali wa Kitonga, Iringa, isubiri siku nyingine.

Baada ya kilomita 100 hivi, kagua nati kwa 103 Nm ileile.