Ukiwa kwenye sindano ya kupunguza mwili na unataka kuacha sigara

Mimi ni dereva wa lori. Nimezaliwa Majengo, Mombasa, na sasa ni mwaka wa kumi na mbili naishi Houston, Texas. Sigara nilianza nikiwa na miaka 19, nikipakua mizigo bandarini Kilindini, mahali ambapo asiyevuta hakuwa na kisingizio cha kupumzika. Nikavuta miaka 27. Barabara ya I-10 kutoka Houston hadi El Paso ni kama kilomita 1,200, nami safari ile niliipima kwa pakiti: moja kwenda, moja kurudi.

Oktoba 2024 nilipimwa nikakutwa na kisukari cha aina ya pili. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, ilikuwa asilimia 8.4, uzito kilo 106. Daktari akaniandikia metfomini, na juu yake sindano ya semaglutide ya kila wiki, ile inayouzwa kwa jina la Ozempic kwa wenye kisukari na Wegovy kwa wanaotibiwa unene. Sigara hatukuitaja siku ile. Wiki ya saba, nimesimama kwenye kituo cha mafuta Fort Stockton, nikajiona nimeizima sigara ikiwa nusu. Sikuwa nimejikaza. Nilikuwa nimekinai tu, kama mtu anavyokinai sahani ya pili ya pilau.

Leo ni miezi tisa sijavuta. Watu wangu wananipigia simu kuuliza kama ni kweli sindano inaachisha sigara, na kila mmoja namjibu vipande vipande. Hili hapa jibu zima, na namna nilivyopanga mambo.

Inachoweza na isichoweza

Hii si dawa ya kuachisha sigara. Hadi ninapoandika, hakuna mamlaka ya dawa iliyoiidhinisha kwa kazi hiyo. Ukitegemea sindano peke yake, unategemea kitu ambacho bado kinachunguzwa.

Lakini wanaochunguza wana sababu. Dawa hizi zinaiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, inayoupelekea ubongo habari kwamba mtu ameshiba. Vipokezi vya homoni hiyo vimo pia katika sehemu za ubongo zinazosimamia raha na hamu, na nikotini hupita njia hizo hizo. Hapa hapa Houston, matokeo ya jaribio dogo yalichapishwa mwaka 2021: wavutaji 84 wenye uzito uliozidi au sukari iliyokaribia kisukari, wote wamebandikwa plasta za nikotini, baadhi wakapewa sindano ya exenatide, ya jamii hiyo hiyo ya GLP-1, kila wiki na wengine sindano isiyo na dawa. Baada ya wiki sita, asilimia 46 ya waliopata dawa walikuwa wameacha. Upande wa pili ni asilimia 27. Nilipoisoma nilifurahi sana. Kisha nikasoma ya Basel, Uswisi, ya 2023, yenye watu 255. Wote walimeza varenicline, dawa kongwe ya kuachisha sigara, na baadhi wakaongezewa dulaglutide, sindano nyingine ya jamii ya GLP-1. Walioacha walikuwa asilimia 63 kwa dulaglutide na 65 bila hiyo. Yaani kwenye sigara haikuongeza kitu.

Ila kulikuwa na jambo moja Basel lililonigusa kuliko hayo yote. Waliopata dulaglutide walipungua kama kilo moja katika wiki 12, na wasioipata wakaongezeka karibu kilo mbili.

Nieleze kwa nini. Anayeacha sigara huongezeka kwa wastani kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza, nyingi katika miezi mitatu ya mwanzo. Mwaka 2018 niliacha kwa nguvu zangu mwenyewe, bila dawa yoyote, nikaongezeka kilo 11 ndani ya miezi minane. Nilipokwenda Mombasa watu walinisifu, wakasema nimenawiri, Marekani imenikubali. Mimi nilikuwa siwezi kupanda ngazi za lori bila kutweta. Nikarudi kwenye sigara makusudi, ili nikonde. Najua wengi waliorudi kwa sababu hiyo hiyo, wanaume na wanawake, na wanawake huisema kwa sauti ya chini zaidi maana wengi wao wanavuta kwa kujificha. Kwa hiyo mtu akiniuliza sindano ilinifaa nini, namwambia iliniondolea hofu hiyo. Hamu ya sigara ilipungua pia, lakini haikuisha.

Kabla ya kuitafuta

Dada yangu mkubwa aliponipigia alisema, "Nitumie mbili tatu hizo sindano, mdogo wangu, nimdunge shemejiyo aache hayo masigara." Nikamwambia, "La, dada. Hiyo siwezi." Akanuna wiki nzima. Sababu nilizompa ni hizi.

Shemeji hana kisukari wala unene, na mtu mwembamba hana haja ya kuuliwa hamu ya chakula. Kalamu ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda hata mara moja ni ya kutupwa. Kwenye begi la mgeni hadi Mombasa inaweza kufika imeharibika bila kuonyesha dalili. Halafu kuna bandia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide ghushi zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, tena nyingine zilipita kwenye maduka halali. Sasa fikiria ya kuuziwa kwa WhatsApp na mtu usiyemjua. Na kuna watu hawatakiwi kuigusa kabisa: mwenye saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medula, au ambaye katika ukoo wake imewahi kutokea, na mama mjamzito. Aliyewahi kuugua kongosho naye amwambie daktari kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna historia nyingine inayonitia tahadhari. Mwaka 2006 Ulaya iliidhinisha dawa ya kupunguza uzito iitwayo rimonabant, na ilishajaribiwa kwa wavutaji pia. Mwaka 2008 iliondolewa sokoni kwa sababu ya watu kuingia katika sonona na mawazo ya kujiua. Dawa ya hamu inagusa ubongo, na anayeacha sigara moyo wake tayari uko chini. Ukiona giza linakuingia, usisubiri miadi, piga simu.

Kwa hiyo maelekezo yanayofuata ni ya mtu ambaye ameshaandikiwa sindano kwa kisukari au uzito, na anavuta.

Acha dozi itulie kwanza

Semaglutide ya kisukari huanza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, kisha 0.5, na huweza kupanda zaidi. Kila inapopanda, kichefuchefu huweza kurudi. Arosto ya sigara nayo ina kichefuchefu chake, kichwa na hasira. Ukiyakutanisha hayo mawili wiki moja, utailaumu moja wapo na kuiacha, na pengine itakuwa ile uliyokuwa unaihitaji. Mimi nilisubiri hadi nimekaa wiki kadhaa kwenye 0.5 na tumbo limetulia.

Muda huo wa kusubiri si wa bure. Nilibandika karatasi juu ya kioo cha mbele, na kila sigara nikaiandika: saa, mahali, na herufi moja, H kwa hamu, M kwa mazoea. Hii ndiyo kazi iliyonifundisha kuliko zote. Kutoka ishirini nilishuka hadi kumi na mbili bila kujilazimisha. Zile nane zilizopotea karibu zote zilikuwa za H. Kumi na mbili zilizobaki zilikuwa M: ya baada ya kahawa, ya kungoja kushusha mzigo, ya kuongea na nyumbani kwa simu. Sindano haikuzigusa. Hizo ilinibidi nizitafutie dawa yake moja moja.

Mwambie daktari, udai dawa zenyewe

Rudi kwa daktari useme wazi: nataka kuacha, na nataka tiba iliyothibitishwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Julai 2024 unazitaja varenicline, bidhaa za nikotini kama plasta na bigijii, bupropion na cytisine. Bupropion inastahili neno la ziada kwa wenye shida ya uzito: ilianza kuuzwa Marekani kama dawa ya kuachia sigara mwaka 1997, na tangu 2014 ni nusu ya kidonge kimoja cha kupunguza uzito. Asiitumie mwenye kifafa.

Varenicline ina nguvu, lakini kwetu madereva wa malori ya biashara ina mgogoro. Mwaka 2008 madaktari wanaotupima kwa ajili ya leseni hapa Marekani walishauriwa wasimpitishe dereva anayeitumia. Nayo huleta kichefuchefu, jambo la kukumbuka ukiwa na sindano. Mimi nikachagua plasta ya miligramu 21 na bigijii ya nikotini ya miligramu 4. Plasta ni kwa siku nzima, bigijii ni kwa dakika mbaya, na zikienda pamoja hufanya kazi kuliko moja peke yake.

Bigijii ile haitafunwi kama jojo ya watoto. Itafune polepole hadi usikie ukali, kisha iegeshe kati ya shavu na ufizi, usubiri, urudie. Ukiitafuna haraka nikotini inashuka tumboni, na tumbo lililo kwenye semaglutide halitakusamehe. Nilitapika ndani ya gari mara moja ndipo nikajifunza.

Siku yenyewe

Nilichagua 1 Machi 2025, siku ya kwanza ya Ramadhani hapa, nikaomba likizo ya siku tisa. Miaka yote hiyo nilikuwa nakaa saa kumi na tatu bila sigara kila siku ya mfungo na nilikuwa hai. Shehe wangu aliniambia plasta ya ngozini haifunguzi ila bigijii inafunguza. Wewe muulize wako. Daktari aliniruhusu kufunga kwa sababu semaglutide na metfomini si za kushusha sukari kupita kiasi. Ukiwa na insulini au glibenklamide, vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, usifuate mfano wangu bila ruhusa, na hata usipofunga, pima sukari mara nyingi zaidi ukiacha sigara, kwa kuwa insulini huanza kufanya kazi vizuri zaidi na dozi ya zamani inaweza kukuzidi.

Mchana ulikuwa rahisi. Shida ilikuwa baada ya magharibi. Tende, uji, halafu kahawa, na mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Mke wangu akaihamisha kahawa: kwa wiki mbili za mwanzo nilikunywa maji ya tangawizi, nikafuturu na kutoka moja kwa moja kwenda tarawehe.

Na hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha, kahawa ile ile inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mimi nilikuwa natetemeka, silali, moyo unapiga, nikidhani ni arosto. Nilipopunguza kahawa kwa nusu nikalala. Moshi hufanya hivyo hivyo kwa baadhi ya dawa, kama theophylline ya pumu na clozapine ya maradhi ya akili, kwa hiyo anayezitumia amtaarifu daktari kabla ya kuacha.

Choo kigumu tarajia, kwa maana sindano inakifanya kigumu na kuacha sigara vilevile. Maji, mapapai, mbaazi. Plasta ikikuletea ndoto za ajabu, ivue usiku.

Kalamu barabarani

Ozempic ikishafunguliwa hukaa siku 56 kwenye joto lisilozidi nyuzi 30. Ndani ya lori lililozimwa Texas mwezi wa saba, joto hilo hupitwa mapema sana. Nina kifriji kidogo, na kalamu naiweka mlangoni, mbali na sehemu inayogandisha.

Sindano ikikatika

Jipange kwa hili tangu mwanzo, maana hutokea. Waliochunguzwa baada ya kuacha semaglutide ya uzito walirudisha kama theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka. Agosti bima yangu ilichelewesha idhini, nikakaa wiki tatu bila dawa. Njaa ilirudi wiki ya pili. Usiku mmoja nimeegesha Van Horn, mji mdogo njiani, mlango wa duka uko hatua ishirini, nikasikia kabisa harufu ya tumbaku ambayo haikuwepo. Nikapiga 1-800-QUIT-NOW, ambayo ni bure kote Marekani. Kwa aliye Kenya, NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana 1192. Mama aliyepokea simu yangu usiku ule aliniuliza nina nini ndani ya gari. Nilikuwa na plasta za miligramu 14 zilizobaki tangu Aprili. Akanishauri nibandike moja na nipige tena asubuhi, nami nikapiga. Dawa ilipopatikana sikuendelea tu pale nilipoishia. Nilimuuliza daktari kwanza, akanirudisha kwenye 0.25. Zile plasta nimenunua nyingine, ziko chini ya kiti, pamoja na ile karatasi ya H na M.