Ngumi isiyogusa: kurekodi pambano la mtindo wa Mortal Kombat

Gemu ya Mortal Kombat ya 1992 ilitengenezwa kwa kurekodi waigizaji halisi, kisha wapiganaji wakaoneshwa kutoka ubavuni. Filamu yake ya 1995, iliyoongozwa na Paul W. S. Anderson, ilimweka Robin Shou kuwa Liu Kang, steringi anayejua kurusha mateke kweli. Anayetaka kuiga mbwembwe zile kwa simu hukwama palepale: gemu hutazamwa ubavuni, na ubavuni ndiko ngumi ya uongo inakoumbuka.

Kwa hiyo gawanya kazi. Ubavuni rekodi yale yasiyokwenda usoni: kutazamana, mikao, ngwala, teke linalozuiwa kwa mkono, teke la kusukuma tumboni kwa wayo. La mwisho hilo linagusa kweli, basi funga kipande cha sponji ya godoro chini ya nguo. Kamera ikae usawa wa kiuno na miguu yote minne ionekane.

Ngumi ya usoni ikifika, hamia nyuma ya bega la anayepigwa. Ngumi ipite sentimita 30 mbele ya pua, ikikata kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ikirushwa moja kwa moja italazimika kusimama hewani, na mtazamaji ataiona imesimama. Simama mita 4 au 5 nyuma, utumie lenzi ya simu inayovuta mara 2 au 3. Kwa mbali hivyo, pengo kati yao halionekani.

Ila ngumi inaaminika kwa anayeipokea. Watazamane machoni kwanza, ndipo mkono uanze. Kichwa kigeuke upande uleule ngumi inakoelekea, pale inapokatiza pua: kidevu kwanza, bega lifuate, mguu urudi nyuma. Kosa kubwa ni kuwahi. Mtu anaanguka mkono wa mwenzake ukiwa bado kwapani, na kibanda umiza kizima kinaangua kicheko.

Rekodi fremu (picha moja moja za video) 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, iwe sekunde 1/50. Kwenye kuhariri, ongeza kasi kufikia asilimia 108 hivi. Ukizidisha sana, nywele na nguo zitakusaliti. Ukikata katikati ya pigo, rudia fremu 2 au 3 za mwisho kwenye picha inayofuata, la sivyo pigo litaonekana limerukwa. Mlio wa konde ni taulo lililolowa likibamizwa mezani; wa mfupa ni karoti ikivunjwa. Mlio uweke pale kichwa kinapoanza kugeuka, hata kama mkono umeshapita kidogo.

Kila mpiganaji awe na rangi yake, kama njano ya Scorpion na buluu ya Sub-Zero, wapiganaji wa gemu hiyo, na pigo lake la sifa. Alirudie mara mbili. Mara ya tatu mpinzani alikwepe. Waigizaji wasicheke wala kuikonyeza kamera. Mbwembwe huchekesha pale mwenyewe anapokaza uso.

Kuanguka kufanyike juu ya godoro, kidevu kikiwa kimebanwa kifuani. Mkono usitangulizwe kuidaka ardhi, kwani kifundo ndicho huteguka kwanza. Mfanye mazoezi kwa nusu kasi hadi hakuna anayehesabu kwa midomo, na kila kipande mnachorekodi kisizidi mapigo 5. La sita ndilo ambalo mtu husahau zamu yake, na ngumi isiyogusa ikagusa.