Picha Hii Ihifadhiwe kwa JPEG, PNG au SVG?

Kabla ya kuhifadhi picha, jiulize kwanza kama imepigwa kwa kamera au imechorwa kwenye kompyuta, kwa kuwa jibu la swali hilo ndilo linaloamua fomati, yaani aina ya faili, ya kutumia.

Picha ya kamera, yenye nyuso za watu, anga na majani, ihifadhi kwa JPEG. Fomati hii, ambayo kiwango chake kilipitishwa mwaka 1992, huigawa picha katika vipande vya pikseli (nukta ndogo za rangi zinazounda picha) 8 kwa 8, kisha hutupa yale ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi, na ndiyo maana faili huwa dogo. Kilichotupwa hakirudi. Kila unapoihariri picha hiyo na kuihifadhi upya kwa JPEG, kingine hupotea. Kwa hiyo itunze ya awali bila kuigusa, ufanye kazi kwenye nakala.

Nembo, mhuri, maandishi na picha ya skrini havifai JPEG. Mteja akileta nembo ya JPEG ili ichapwe kwenye fulana ya bluu, ikuze mara nne kwenye skrini utazame kingo za herufi: utaona vidoa hafifu vimezagaa kandokando yake kama vumbi, na nyuma yake kuna mraba mweupe ambao kwenye fulana utaonekana kama kiraka. PNG, iliyotoka mwaka 1996, hubana faili bila kupoteza pikseli hata moja, na huruhusu sehemu ya nyuma iwe wazi ili kitambaa kionekane. Lakini kuigeuza JPEG kuwa PNG hakuondoi vidoa. Huvihifadhi vilevile, tena mara nyingi katika faili kubwa zaidi, na inasikitisha kuona watu wakipoteza saa nzima kwa kazi hiyo. Mwombe mteja faili la awali la mchoraji, hasa likiwa SVG, ambayo huieleza michoro kwa hesabu za mistari na mikunjo badala ya pikseli, hivyo nembo hubaki kali kwenye kadi ya harusi na kwenye bango la barabarani.

GIF ya mwaka 1987 hubeba rangi 256 tu kwa kila fremu, basi iachie vipicha vinavyocheza. WebP, iliyoletwa na Google mwaka 2010, inafaa tovuti kwa wepesi wake. HEIC, inayotumiwa na iPhone tangu 2017, huokoa nafasi, ila kompyuta nyingi za zamani haziifungui, kwa hiyo igeuze kuwa JPEG kabla ya kwenda stesheneri.

Ukiituma PNG kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hugeuzwa kuwa JPEG na uwazi wake hupotea. Itume kama hati, kisha mwombe aliyeipokea akutajie ukubwa wa faili, uulinganishe na wa lile lililo kwako.