Unahamishia pakeji za SSIS Azure? Malizana na faili kwanza

Wadau mnaohamisha kazi za SSIS (SQL Server Integration Services, zana ya Microsoft ya kuchota na kuhamisha data, kila kazi inaitwa pakeji) toka seva ya ofisini kwenda Azure (wingu la Microsoft), database huwa inahama fresh tu, kinachosumbua ni faili. Pakeji iliandikwa miaka hiyo isome D:\Mauzo\leo.csv, na hiyo D ilikuwa diski ya seva ileile inayoendesha SSIS. Azure kazi hiyo inafanywa na Azure-SSIS Integration Runtime, yaani mashine moja au kadhaa (nodi) ambazo Microsoft wanakuwashia, na humo folda zako hazipo. Na hata ukiandika faili kwenye diski ya nodi, ukizima runtime na kuiwasha tena unapewa mashine mpya, faili kwishnei, halafu kama una nodi mbili pakeji ya kwanza inaweza kuandika huku ya pili ikaenda kutafuta kule.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu kingine tafuta njia zote za faili (path, yaani anwani ya faili kama ile ya D: hapo juu). Faili za .dtsx (ndizo pakeji zenyewe) ni XML tu, yaani maandishi, fungua folda ya mradi kwenye Notepad++ utafute :\ na \\ kwenye faili zote kwa mpigo. Angalia pia zilizojificha kwenye variabo, kwenye kodi ya Script Task, kwenye jedwali la konfigi, na zile Execute Process Task zinazoita programu kama 7-Zip, maana hiyo programu kwenye nodi haipo mpaka uiweke mwenyewe. Kila njia uliyoipata igeuze iwe parameta ya mradi, usiache hata moja imeandikwa kwa mkono ndani ya pakeji, ukihama tena kesho utabadilisha sehemu moja tu.

Sasa kila faili jiulize inaishi muda gani na nani mwingine anaihitaji. Kama ni ya muda tu, imezaliwa na kufa ndani ya pakeji hiyohiyo, tumia %TEMP% (folda ya muda ya Windows) au folda ya sasa ya kazi (ile nukta), basi umemaliza.

Kama inasomwa na pakeji zaidi ya moja, au watu wanaidondosha kila siku, ihamishie Azure Files (folda za pamoja ndani ya Azure). Hapo njia inakuwa \\jinalaakaunti.file.core.windows.net\mauzo\leo.csv na pakeji inaisoma kama shea ya kawaida ya Windows, kodi yako haibadiliki. Ila lazima runtime ijue paswedi. Ukiendesha pakeji kwa Data Factory (huduma ya Azure ya kupanga na kuendesha kazi za data), kwenye ile activity ya Execute SSIS Package washa Windows authentication, domeni andika Azure, jina la mtumiaji ni jina la akaunti ya storeji, paswedi ni ufunguo wa akaunti, na huo ufunguo tafadhali uweke Key Vault (sefu ya Azure ya kutunzia siri) usiubandike pale wazi. Njia nyingine ni kuweka amri hii kwenye main.cmd ya custom setup (skripti yako inayoendeshwa nodi inapoandaliwa) ili kila nodi inapowaka iwe nayo tayari:

cmdkey /add:jinalaakaunti.file.core.windows.net /user:azure\jinalaakaunti /pass:ufunguo

Ukijaribu kuifungua shea hiyo toka laptop yako ikagoma, usikimbilie kulaumu ufunguo, angalia kwanza poti 445 (inayopitisha shea za faili za Windows), watoa huduma wengi wa intaneti wanaifunga.

Kuna faili ambazo haziwezi kuondoka ofisini, labda mfumo wa zamani ndio unazitema pale au sheria za kampuni hazikubali. Watu wengi wanakimbilia kuunganisha mtandao mzima kwa VPN ili runtime iione shea ya ofisini, inafanya kazi, lakini kwa faili mbili tatu za CSV naona ni gharama na kichwa kuuma bure. Weka self-hosted integration runtime (programu ya Microsoft unayoiendesha mwenyewe) kwenye mashine moja ya ofisini, iunganishe na Azure-SSIS kama proksi, yaani mtu wa kati, ipe akaunti ya Blob Storage (stoo ya faili ya Azure) ya kupitishia data, halafu kwenye Flat File connection manager (sehemu ya pakeji inayoelekeza faili la CSV lilipo) weka ConnectByProxy iwe True. Mashine ya ofisini inasoma faili, inapeleka Blob, Azure inaendelea toka hapo, na inatoka nje kwa poti 443 tu kwa hiyo jamaa wa mtandao hawafungui mlango wowote wa kuingilia. Jua tu kwamba ConnectByProxy ni ya data flow (sehemu ya pakeji inayosoma na kuandika data), File System Task ya kuhamisha au kufuta faili haipiti kwenye proksi, hiyo kazi itafutie njia nyingine.

Halafu hili la saa, wengi hawalifikirii kabisa: nodi za Azure zinatumia UTC (saa ya kimataifa), sisi huku Dar na Nairobi tuko mbele masaa 3. Pakeji inayojenga jina la faili kwa GETDATE(), yaani tarehe na saa ya mashine, ikiamka saa saba usiku, kwa nodi bado ni saa nne usiku ya jana, kwa hiyo itaisoma faili ya jana na haitatoa errori yoyote, utakuja kushtuka ripoti zimejirudia. Kwenye ekspresheni andika DATEADD("Hour", 3, GETUTCDATE()) ndipo utoe tarehe, na siku ya majaribio iendeshe usiku huohuo saa saba, sio mchana.