Mtoto Amelazwa: Kabla Hujajaza Fomu ya Maabara

Tuchukue mtoto wa miezi 15, kilo 9. Ana homa siku ya tatu, anakohoa, na amepata degedege njiani. Zamu ikiwa na wagonjwa wengi, ni rahisi kuandika kila kitu: picha nzima ya damu, malaria, Widal (kipimo cha damu cha taifodi), mkojo, eksirei. Fuata mpangilio huu badala yake.

Hatua ya 1: Vipimo vya kitandani kwanza
Pima sukari papo hapo, maana amepata degedege. Ikiwa chini ya 2.5 mmol/L (chini ya 3 kwa mwenye utapiamlo mkali), mpe kwenye mshipa dekstrozi ya 10%, mililita 5 kwa kilo. Kwa huyu ni 45. Rudia kupima baada ya dakika 30. Oksimita (kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu) ikisoma chini ya asilimia 90, weka oksijeni. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: kwa umri wake, 40 na kuendelea ni kupumua haraka.

Hatua ya 2: Jibu litabadilisha nini?
Kama utatoa matibabu yaleyale, jibu liwe chanya au hasi, usikiandike kipimo hicho. Nimonia ya kawaida haihitaji eksirei. Iombe asipopata nafuu kwa dawa, au ukihisi kuna maji kifuani.

Hatua ya 3: Malaria, na kinachojificha nyuma yake
Hapa usiharakishe. mRDT (vipimo vya haraka vya malaria) nyingi husaka protini ya kimelea iitwayo HRP2, nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Muulize mama mtoto alimeza dawa mseto lini. Kama ni wiki mbili zilizopita, mRDT chanya haitoshi, omba slaidi (damu itazamwe kwa darubini). Na hata slaidi ikionyesha vimelea, penye malaria nyingi mtoto huweza kuwa navyo huku anaumwa homa ya uti wa mgongo. Sukari ikishakaa sawa na bado amelegea au shingo imekakamaa, chukua maji ya uti wa mgongo. Ukiona dalili za shinikizo kichwani au anapumua kwa shida sana, ahirisha, lakini antibiotiki anza sasa.

Widal mimi siiandiki. Kingamwili za maambukizi ya zamani huifanya iwe chanya, na mtoto anatibiwa taifodi asiyokuwa nayo.

Hatua ya 4: Toboa mara moja
Damu yote ya mtoto huyu ni kama mililita 720. Unapoweka kanula, chukua kila unachohitaji: wingi wa damu, grupu kama amepauka, na damu ya kuotesha (kutafuta bakteria) kabla ya antibiotiki, mradi isicheleweshe dawa. Mweleze mama: "Mama, tunachukua damu kidogo kutafuta chanzo cha homa. Majibu yakitoka nitakuja kukueleza."

Hatua ya 5: Fuata majibu
Wakati wa kukabidhi zamu, taja kipimo gani bado na nani atakifuata maabara. Sisitiza damu ya kuotesha: huchukua siku kadhaa, na aliyejaza fomu mara nyingi hayupo tena wodini.